Mtani wa Bibi Kabula

Msalaba wa mama yake ulikuwa umelazwa chini ya turubai, kando ya mifuko ya saruji, na mtu mmoja alikuwa ameukalia akinywa chai. Hicho ndicho kitu cha kwanza Pelagia alichokiona aliposhuka kwenye bodaboda akitokea msibani Ziba. Hakuliona kaburi kwanza, wala kamba nyeupe iliyofungwa kwenye vigingi kuanzia kisimani hadi kwenye uzio wake wa minyaa, wala greda la manjano. Aliuona msalaba, akamwona mtu, akaiona chai. Akasimama palepale na begi lake kichwani, mdomo wazi, yeye ambaye mdomo ule haujawahi kukosa la kusema tangu alipoota meno.

Dereva wa bodaboda alingojea nauli. Akamwita mama, akamwita tena, akaona mama yupo lakini hayupo. Akawasha pikipiki, akasema atapita jioni.

Sasa, wasiomjua Pelagia lazima waambiwe ni mtu wa namna gani, la sivyo hawataelewa mwanamke mzima, Mkatoliki wa jumuiya, anawezaje kumtoa mama yake mzazi kwa mtu baki, mbele ya kijiji kizima, akacheka, akaenda zake nyumbani kupika.

Kwao ni Mapagazini, kijiji kidogo kilichopo kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Kuna kisima pale, na kisima chenyewe kiko karibu na ua wa kina Pelagia kiasi kwamba ukiteka maji unasikia wanachokipika. Wapagazi walitua mizigo pale, wakanywa, wengine wakafa, wengine wakaoa. Pelagia analima karanga na alizeti, anakausha michembe ya viazi vitamu, anauza anachobakiza. Huo ni mkono wake. Lakini watu hawamjui kwa mkono, wanamjua kwa mdomo. Pelagia ni mtani.

Wapo watakaosema kila Mnyamwezi ni mtani wa mtu fulani, na ni kweli. Babu zetu walibeba mizigo hadi pwani, wakipita nchi ya Wazaramo kila mwaka, wakala kwao, wakaibiana, wakapigana, wakaoana, mwisho wakaanza kuzikana, na kutokana na yote hayo ukabaki utani. Mzaramo akifa Tabora, hata kama alikuwa meneja wa benki, Mnyamwezi ana haki ya kuingia pale msibani na kumwita marehemu mvivu. Ana haki ya kuvaa koti la marehemu na kutembea kwa kuchechemea kama alivyochechemea. Na kaburi likishachimbwa, ana haki ya kushuka ndani, kulala chali, kukunja mikono kifuani na kutangaza kwamba hatoki hadi alipwe kuku. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Wanabembeleza, wanacheka huku machozi yakiwatoka, wanamleta kuku, ndipo mtani anatoka na marehemu anaingia.

Wengi wana haki hiyo, wachache wana kipaji. Pelagia alikuwa nacho. Alikuwa akitumiwa watu kutoka mjini, kutoka Ipuli na kwingineko, kwamba fulani amefariki, njoo mama, msiba umekuwa mzito, watoto hawali. Alikuwa akifika, anamtazama mfiwa mkubwa usoni, na kabla hata hajatua begi anauliza huyu aliyekufa alikuwa amemaliza kulipa mahari au mnazika mali ya watu. Hapo mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu juzi anacheka hadi anaomba maji. Nimemwona mwenyewe akiyafanya hayo, na sijui alikuwa anayatoa wapi.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Pelagia hakuwa akilisema, na lilikuwa linamla. Mama yake, Bibi Kabula, alizikwa bila mtani. Alifariki wakati wa masika, mvua ikiwa imekata njia, na hakukuwa na Mzaramo hata mmoja wa kufika. Pelagia mwenyewe hakuweza, maana mfiwa hajitanii. Aliyechekesha misiba ya watu alikaa mkekani kimya kama jiwe, katekista akasali, watu wakatupa udongo, wakanawa, wakala, wakaondoka. Mama alishuka kwenye ardhi kama mtu asiye na mtu. Tangu siku hiyo, kila alipolala kwenye kaburi la mwingine, Pelagia alikuwa akimfikiria mama yake aliyeingia kwenye la kwake pasipo hata mmoja kumwambia asogee.

Hayo tuyaweke hapo. Ukaja mradi.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri, na mimi si mmoja wa wale wanaotukana kila kitu chenye ubao wa rangi. Serikali ilitaka njia ya misafara ifufuliwe ili watalii wasiishie mbugani na ufukweni tu. Iliahidi eneo na barabara. Kampuni moja ya Dar es Salaam iliahidi mtaji: kambi ya mahema, nyumba ya kumbukumbu iliyojengwa kwa mtindo wa tembe, na matembezi ya miguu ambapo mgeni angepita alikopita mpagazi, bila mzigo. Kijiji kingepata gawio, vijana ajira, kisima kingejengewa. Nani angekataa? Pelagia alikuwa wa kwanza kufagia uwanja wa mkutano.

Siku ya mkutano walikuja wawili wenye maneno. Wa kwanza alikuwa Najiat, binti wa kampuni, mpole, kalelewa Dar es Salaam na kusomea mambo ya hoteli Afrika Kusini, aliyeandamana na kijana wa kupiga picha za video. Wa pili alikuwa afisa utalii wa serikali, Majidi, mwanaume mnene kidogo mwenye kofia ya kufuma na kicheko cha karibu. Mwenyekiti wa kijiji, Gerson, alimkaribisha, akataja na alikotoka: Kisarawe.

Pelagia akainuka kutoka kwenye mkeka wa wanawake.

Akauliza kama amesikia vizuri, Kisarawe ile ya Wazaramo. Gerson akasema ndiyo. Pelagia akaenda moja kwa moja hadi meza kuu, akamvua afisa wa serikali kofia, akaivaa yeye, akamwamuru asimame, akakalia kiti chake. Watu wakapiga kelele za furaha. Najiat alishtuka, akatazama huku na huku akitafuta askari. Lakini Majidi alikuwa ameshang'amua, na uso wake ulichanua kama wa mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Akasema kumbe huku ndiko wanakoishi watumwa wake, amewatafuta sana, babu yake alimwachia babu yao mzigo wa pembe pale Bagamoyo na hadi leo haujafika.

Kazi ikaanza. Pelagia alisema Mzaramo hawezi kuleta maendeleo kwa kuwa ikipita ngoma ya harusi mradi utaachwa njiani. Majidi alisema ameona kisima, anakichukua kufidia pembe zake. Pelagia akamwambia achukue. Majidi akasema anachukua na nyumba iliyo kando yake. Pelagia akasema chukua, na paa linavuja, utaoga ndani. Majidi akaonyesha kwa kidole kaburi jeupe lililokuwa pale nje ya uzio wa minyaa, akauliza na yule aliyelala pale ni nani.

"Ni mama yangu," alisema Pelagia. "Mchukue naye. Mfukue, umpeleke kwenu Kisarawe akakupikie, maana wake zenu hawajui kusonga ugali."

Watu walianguka. Gerson alifuta machozi kwa tai. Kijana wa video alikuwa anatetemeka kwa kicheko lakini hakuacha kupiga. Pelagia alirudisha kofia, akarudi mkekani kwake akiwa mwepesi, na ni mimi ninayewaambia kwamba haikuwa furaha ya kuchekesha tu. Kwa mara ya kwanza tangu mvua ile, Mzaramo alikuwa amelitaja kaburi la mama yake.

Najiat aliipenda sana ile shughuli. Alimfuata Pelagia baada ya mkutano, akamwambia wageni watafurahi mno, kampuni itamwajiri, atakuwa anafanya utani jukwaani kila jioni. Pelagia aliuliza atakuwa anamtania nani. Najiat akasema wageni. Pelagia akasema hawezi kumtania Mjerumani, hawakuwahi kuzikana. Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake, wakaachana kwa wema.

Kisha wiki zikapita. Vibao vikasimikwa, vijana wakalima njia, kisima kikajengewa ukuta wa mawe. Ukachorwa mchoro, na kwenye mchoro ule sehemu ya kuegesha magari ya wageni iliangukia pale pale, kati ya kisima na minyaa. Najiat, kwa kuwa ni mtu makini, alikumbuka kuna kaburi. Akaitazama video. Akamsikia mwenye mama akisema mchukue, mfukue. Hakutosheka, akampigia simu Majidi kumwuliza kama familia ile imeridhia kweli.

Majidi alikuwa hotelini mjini, kijiko mkononi. Akacheka kwa furaha ya kumkumbuka mtani wake, akajibu alivyozoea kujibu maisha yake yote: "Yule mtumwa wangu? Si alishanipa mpaka mama yake. Chukueni tu." Akarudi kwenye wali wake. Hakuwaza kwamba upande wa pili wa simu yupo mtu ambaye hajawahi kuwa na mtani. Alidhani kila mtu anaujua utani, maana kwao hakuna asiyeujua.

Ikatangazwa kwamba mheshimiwa atafika kuweka jiwe la msingi. Mkandarasi akaambiwa aharakishe, vibali vingine vitafuata. Wiki hiyohiyo, Pelagia akaitwa Ziba, ambako Mzaramo mmoja mstaafu, mfanyabiashara wa pamba wa siku nyingi, alikuwa amefariki. Akaenda, akalala kwenye kaburi lake, akadai kuku, akapewa jogoo. Alikuwa bado ananukia udongo wa kaburi lile aliposhuka kwenye bodaboda na kuuona msalaba chini ya turubai.

Hakupiga kelele. Jirani yake, mama mmoja aitwaye Recheli, alimkimbilia akamshika mkono. Recheli alisema walijaribu kuwazuia asubuhi. Wachimbaji wakawaonyesha video kwenye simu. Wanawake walipoisikia walicheka, kwa sababu inachekesha, kisha wakaona majembe yananyanyuliwa na kicheko kikawakauka mdomoni. Wakamtuma mtu kumwita Gerson, wakajaribu kumpigia Pelagia, lakini simu yake ilikuwa imezimika njiani.

Pelagia akasogea. Kaburi lilikuwa limevuliwa saruji yake yote, vipande vikiwa vimerundikwa pembeni, na udongo ulikuwa umeshatolewa kiasi cha kufika magotini. Udongo wa chini wa Unyamwezi ni mwekundu, na ulikuwa mbichi kana kwamba mama kazikwa jana. Alitazama shimo lile, yeye aliyeyatazama mashimo mengi, na kwa mara ya kwanza hakuona mahali pa kulala. Aliona shimo. Kitu pekee alichokisikia kilikuwa sauti yake mwenyewe ikisema mfukue, mfukue, kwa furaha ileile.

Gari la mradi likafika. Najiat na Majidi walikuwa wamekuja pamoja kukagua kabla ya mheshimiwa kufika kesho yake. Majidi alishuka akitabasamu, akamwona Pelagia kwa mbali, akapaza sauti kama ilivyokuwa desturi yao tangu siku ile ya mkutano:

"Mtumwa wangu, hata kuja kunipokea mzigo huji?"

Pelagia hakujibu.

Mtani akiitwa asipojibu, kuna jambo. Majidi alisimama. Akamtazama Pelagia, akalitazama shimo, akautazama msalaba, na yule mnywaji chai akainuka kutoka kwenye msalaba bila kuambiwa. Rangi ilimtoka afisa utalii. Najiat ndiye aliyesogea, akaamkia shikamoo kwa heshima, na Pelagia akaitika marahaba kwa mazoea ya kinywa tu. Najiat akaeleza kwa upole kwamba bibi ameandaliwa mahali pazuri zaidi, karibu na lango, kaburi litawekwa vigae na ubao wa maelezo, na padri ataitwa. Alikuwa anaamini anachokisema. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote, maana ungemwona ana hila ungepata wa kumrukia.

"Nilikuwa namtania," alisema Pelagia.

Sauti ilitoka ndogo. Najiat akamtazama Majidi, akamrudia Pelagia.

"Mama, ulisema mbele ya kijiji kizima. Na nilimwuliza afisa, akanithibitishia. Mimi nitajuaje lipi ni la utani na lipi ni la kweli?"

Lilikuwa swali la haki. Gerson, ambaye alikuwa amefika akihema, alikohoa, akasema yeye alidhani familia na kampuni wamezungumza pembeni. Wazee wawili watatu wakasema nao walidhani hivyo. Kijiji kizima kilikuwa kimedhani. Tulikuwa tumecheka pamoja, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba kicheko nacho kinahitaji mkalimani.

Majidi akasema yake. Alisema bila kuzunguka kwamba simu ile ni kweli, kwamba aliulizwa swali la serikali akajibu kwa jibu la utani, na kwamba alikuwa anakula. Watu wakashika vichwa. Najiat alifunika mdomo kwa kiganja, akabaki hivyo, na macho yake yalianza kujaa. Ndipo alipoelewa kwamba yuko kwenye kaburi la mama wa mtu na kwamba hakuna aliyeridhia.

Msimamizi wa mkandarasi hakuwa na muda wa kuelewa. Alisema wamefika nusu, mheshimiwa ni kesho, kokoto zimeshaagizwa, na kama kazi inasimama basi aambiwe na mwenye mamlaka, si na kina mama. Akampungia mkono dereva wa greda ajiandae kusawazisha upande wa pili. Injini ikawashwa. Najiat akamgeukia Majidi, akauliza serikali inasemaje.

Watu wote wakamtazama Majidi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa ajili ya ziara ile, viatu vimeng'arishwa, jalada la mradi kwapani. Kusimamisha kazi siku moja kabla ya mheshimiwa si jambo la afisa wa ngazi yake. Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa, na niseme ukweli, wengi wetu pale tulikuwa hivyohivyo.

Pelagia alikuwa anamtazama. Kilichokuwa kinamchoma hakikuwa tu kwamba wanamtoa mama yake. Mtu anaweza kuhamishwa kaburi, yametokea kwenye reli, yametokea kwenye barabara. Kilichomchoma ni kwamba mama aliingia kimya, na sasa anatolewa kimya, na kote kuwili binti yake, mtani wa Tabora nzima, amesimama kando hana haki ya kufanya kitu. Mfiwa hajitanii. Angeruka yeye shimoni angekuwa mwanamke aliyerukwa na akili, wangemshika mabega wakamwondoa. Yuko mtu mmoja tu uwanjani mwenye haki ya kushuka.

Akalitua begi lake chini.

"Mzaramo," alisema, na safari hii sauti ilikuwa yake, "hilo ni kaburi na liko wazi. Unangoja nini?"

Greda lilikuwa linanguruma, na wenye masikio mazito hawakusikia. Majidi alisikia. Alimtazama Pelagia kwa muda, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijui nikiite nini, kama mtu aliyekuwa amesahau jina lake akakumbushwa. Akamkabidhi Gerson jalada. Akavua kofia. Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya shimo, soksi ndani yake. Kisha afisa utalii wa serikali, na shati lake jeupe, akashuka kwenye kaburi la Bibi Kabula, akalala chali kwenye udongo mwekundu, akakunja mikono kifuani.

Dereva wa greda alizima injini mwenyewe, akasimama kwenye ngazi na kuchungulia. Wachimbaji waliweka majembe chini. Msimamizi alimwuliza Najiat kama huyu bwana ni mgonjwa.

Kutoka shimoni ikapanda sauti.

"Bibi Kabula, hebu sogea. Umejitanua peke yako miaka yote hii kama umenunua kiwanja. Mimi mtani wako nimechelewa, njia ilikuwa na matope. Na wanao walivyo wachoyo, hata mchembe mmoja hawakunitunzia."

Recheli alikuwa wa kwanza. Alicheka kwa kukohoa, kama mtu aliyepaliwa, akajiziba uso kwa khanga. Akafuata mzee mmoja, kisha wanawake wote kwa pamoja, kicheko kile cha misibani ambacho hakijitengi na kilio. Majidi aliendelea. Alimwambia bibi kwamba binti yake ana mdomo mrefu, amemgawa bure mbele za watu, na kwamba yeye Majidi ana mdomo mrefu zaidi, amempokea bila kuuliza bei. Kwa hiyo bibi amsamehe, au kama hataki kumsamehe, amwambie hukohuko chini ambako hakuna video.

"Nasema hivi. Sitoki humu mpaka nilipwe."

Najiat akasogea hadi ukingoni. Hakuwa amefundishwa, lakini aliuliza lile swali ambalo huulizwa siku zote, kwa sauti ileile ya kubembeleza ambayo wafiwa huwa nayo.

"Unataka nini, ndugu yangu?"

"Magari ya wageni yalale ng'ambo ya kisima. Bibi abaki, na arudishiwe blanketi lake la saruji mlilomvua. Na hayo ya jukwaani kila jioni, usimwambie tena mtumwa wangu. Ukimtaka, ngoja nife."

Najiat alitazama mchoro wake, akautazama ule upande wa pili wa kisima, wenye mawe na vichaka, ambao ungehitaji kazi zaidi na hauna mandhari nzuri. Akatazama miguu mitupu ya afisa iliyotoka kwenye suruali iliyopigwa pasi. Akamwambia msimamizi ageuze greda. Msimamizi akauliza na mheshimiwa je. Najiat akasema mheshimiwa atakuta kuna kaburi, ataambiwa ni la nani. Gerson akasema atamwambia yeye, na kwa maandishi kama ikibidi, na hapo nilimwona mwenyekiti wetu akirefuka kidogo.

Sasa ikabaki haki ya mtani, na hiyo kampuni haiwezi kuilipa. Pelagia alijua. Alikuwa amelipwa kuku na watu wengi maishani mwake, na hajawahi kulipa hata mmoja. Alikwenda uani kwake, akamkimbiza tetea mweusi kuzunguka ghala, na watu walimwona mama mtu mzima akikimbia huku machozi yakimtiririka hadi shingoni na akamkosa yule kuku mara ya kwanza, akamkosa tena, akamkamata kwa mkia. Akarudi naye anapiga kelele. Akapiga magoti ukingoni mwa kaburi la mama yake, akamnyooshea Mzaramo kuku kwa mikono miwili.

Majidi alimpokea akiwa bado amelala. Akamgeuza, akampapasa kidari.

"Kuku mwenyewe amekonda," alisema. "Huyu mama alikuwa anawalisha nini?"

Pelagia akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajajua, kikamshtua, akajishika kifua kama aliyeguswa na mtu kwa nyuma, kwa kuwa hakikuwa kile cha kazini alichokuwa akienda nacho kwenye misiba ya watu. Kilikuwa cha mfiwa. Alikuwa akikisikia kwa wengine siku zote na hakuwahi kujua kwamba kinauma hivyo na kwamba kinapoza. Akacheka akilia, paji la uso kwenye udongo, akimwita mama yake kwa Kinyamwezi, mayu, mayu, na Recheli akamshika mgongo asije akatumbukia.

Majidi akatoka shimoni na kuku kwapani, mgongo wa shati lake wote mwekundu. Hakujipangusa. Akachukua jembe kwa yule mchimbaji aliyekuwa karibu, akamkabidhi kuku Najiat, ambaye alimshika asijue amshikeje, na yeye mwenyewe akaanza kurudisha udongo kuanzia upande wa miguuni.